Sekunde za kugeuza: kumbukumbu ya mradi wangu wa santuri

Jumamosi, siku ya kwanza

Mezani pa kulia chakula pana sahani 63 za santuri, zote zile ndogo za inchi saba, na mume wangu ameshauliza mara mbili leo tutakulia wapi. Nimemwambia kwenye kochi. Mradi umeanza.

Nimezikusanya kwa miaka mitatu. Chache nilizinunua Kenyatta Market, pale unapopita kwanza kwenye moshi wa nyama choma na wasusi wanaokuvuta mkono ndipo uufikie muziki. Nyingine nilipewa na watu waliokuwa wanahama na hawakujua wazipeleke wapi. Boksi kubwa zaidi limetoka kwa mjomba wangu wa Kayole, ambaye alinikabidhi kwa uso wa mtu anayemwoza binti.

Kati ya hizo 63, sahani 41 zina ugonjwa mmoja. Upande wa kwanza pameandikwa jina la wimbo na namba 1. Ukigeuza, jina ni lilelile, namba ni 2. Wimbo mmoja umekatwa vipande viwili kama mkate. Sababu yake ni hesabu tu. Sahani ya inchi saba inayozunguka mara 45 kwa dakika hubeba kama dakika nne, tano ukiibana, na ukiibana zaidi sauti inanyong'onyea. Sasa wanamuziki wa Nairobi wa miaka ya 70 hawakuwa watu wa dakika nne. Chukua Simba Wanyika, ndugu wa Tanga waliofika hapa 1971: wanakuimbia polepole, wanakueleza shida yao yote ya mapenzi, halafu ndipo gitaa zinaachiwa. Benga, ule muziki wa gitaa uliotoka kwa Wajaluo, nayo ni hivyohivyo. Kwa hiyo watengenezaji wa santuri wa River Road, mtaa wa Nairobi, walikuwa wakifikia katikati wanafifisha sauti, upande wa kwanza unaishia hapo, na utamu wote wa gitaa, ule wanamuziki wenyewe wanauita klaimaksi, unakungoja nyuma.

Nia yangu ni kuunganisha. Nataka kusikia kila wimbo mzima, kama ulivyopigwa studioni kabla mtu hajaleta mkasi.

Jumanne

Kuosha. Nilidhani itakuwa kazi ya kuchosha, na kweli ilichosha. Maji ya bomba la Umoja yanaacha chumvi, kwa hiyo nilinunua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta (hakikisha ni yale maji safi yaliyochujwa, si asidi, kijana wa pampu alinitazama sana nilipomwambia ni ya kuoshea muziki). Tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini ya vipodozi, unafuata mzunguko wa mistari, unasuuza, unasimamisha kwenye kishikio cha sahani za jikoni. Lebo isiguswe na maji. Nimeshaua lebo moja.

Kinachonichelewesha ni mwandiko. Karibu kila lebo ina kitu kimeandikwa kwa kalamu: namba za foleni, herufi za kwanza za jina, tarehe. Moja imeandikwa "USIGUSE" kwa wino mwekundu, na chini yake, kwa mwandiko mwingine wa bluu, "NIMEGUSA". Nimekaa na hiyo dakika kumi nzima. Hawa ndio waliokuwa wakinunua kadi za salamu na kuzituma redioni, kila mtu na jina lake la kujipamba, wakisalimia mji mzima kwa ajili ya wimbo mmoja. Watu wanasema ushabiki wa kupindukia umeletwa na intaneti. Hawajaona lebo hizi.

Pia nimejifunza kutambua sahani zilizowahi kuchezwa na shilingi juu ya mkono wa sindano. Sindano ikiruka, mtu anaweka sarafu iongeze uzito. Haitaruka tena, lakini inalima. Mashine yangu inakanyaga kwa gramu tatu hivi. Hizo zililimwa kama shamba la mahindi, na kwenye sauti ya juu zinatoa mkwaruzo ambao hauoshwi na maji ya aina yoyote.

Jumapili

Nitaandika aibu hii mara moja tu.

Kabla ya kurekodi lazima mwendo wa mashine uwe sahihi. Kuna kikaratasi cha duara chenye mistari pembeni. Unakiweka juu ya sahani, unawasha taa ya tyubu, na mashine ikizunguka sawasawa ile mistari inaonekana imesimama tuli, kwa sababu taa yenyewe humetameta kufuata umeme. Nilikipakua, nikakichapisha pale mtaani kwa shilingi ishirini, nikachukua bisibisi na kukaza skrubu ya mota hadi mistari ikatulia kama askari wa gwaride.

Halafu nikaanza na sahani isiyo na lebo, wimbo wa Kijaluo ambao sijawahi kuusikia. Mungu wangu. Mwimbaji ana sauti nzito, anavuta maneno kama mtu anayetembea kwenye tope, gitaa zinadondoka moja moja. Nilijua ni maombolezo. Kwa siku nne nilikuwa nausikiliza usiku taa zikiwa zimezimwa. Nilimwandikia rafiki yangu ujumbe mrefu juu ya huzuni ya benga ambayo watafiti hawajaigusa. Natamani angekuwa ameufuta.

Leo nikaweka Daudi Kabaka, mwimbaji wetu wa Kenya. "Helule Helule" ni wimbo ambao hata mtoto wa Nairobi anaujua. Bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliuimba 1968 ukaingia katika ishirini bora za kwao. Kabaka akatoka na sauti ya mzee aliyetoka kung'olewa jino.

Nilirudi kwenye kikaratasi nikahesabu mistari. Ni 160. Hiyo ni ya Marekani, ambako umeme ni hezi 60. Wetu ni hezi 50, na kwa mizunguko 45 mistari inatakiwa kuwa 133. Nilikuwa nimeiweka mashine kwenye mizunguko 37 na nusu, kama noti moja na nusu chini ya pale wanaume hawa walipoimba.

Nimechapisha kikaratasi kingine, nikarekebisha, nikamwita jirani yangu mwenye duka, ambaye ni wa Siaya. Wimbo ukaruka kutoka kwenye spika kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Jirani akaanza kucheka kabla ubeti haujaisha. "Huyu anamsifu tajiri," akasema. "Ana kinu cha kusaga unga. Anasema hata kuku wa kwake wananenepa." Nikamchezea lile toleo langu la polepole. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema hapo sasa ni kama kuku wote wamekufa.

Faili ile ya polepole sijaifuta.

Jumatano

Sikuwasha mashine leo, umeme umekatika tangu saa kumi. Nimekuwa nikimfikiria Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis. Wasichana wakamwimbia wimbo wa kumwita Chemirocha aje acheze. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Jina lilipita kwenye ulimi wa Kikipsigis likatoka hivyo, na mwenye jina akawa kiumbe nusu mtu nusu swara. Rodgers mwenyewe alikuwa amekufa 1933. Miaka kumi na saba kaburini, na bado anaalikwa ngomani Kericho.

Rekodi hiyo sasa iko kwenye intaneti na ninaisikiliza kila mara. Ni fupi na nyepesi, sauti ziko karibu kana kwamba wasichana wamekuzunguka. Kila anayeisimulia huisimulia kama kichekesho cha watu waliosikia vibaya. Mimi naona walisikia vizuri mno. Mtu akikuletea boksi linaloimba, na anayeimba anapasua sauti yake juu na chini kwa namna ambayo koo la binadamu unalolijua halifanyi, swara ni jibu la heshima. Mimi nilipewa wimbo wa kinu cha unga nikaupa msiba, na nilikuwa na laptopu.

Ijumaa

Nimepita kwa wauza vitabu wa inama pale mjini, wale wanaotandika chini. Nilikuwa natafuta magazeti ya zamani yenye matangazo ya sahani. Nikapata toleo moja la *African Film*, lile gazeti la hadithi za picha la kampuni ya Drum, lenye mpelelezi Lance Spearman, kofia na tai ya kipepeo, ngumi kila ukurasa wa tatu. Limekatika mwisho. Nimelinunua hivyohivyo kwa ajili ya Mjomba, ambaye ujana wake wote alivaa kofia kwa sababu ya Spear.

Jumamosi, wiki ya tatu

Wimbo wa kwanza umeungana!

Ni rumba kutoka boksi la Mjomba. Upande wa kwanza sauti inafifia kwa muda wa sekunde tisa. Upande wa pili unaanza chini na kupanda. Nilipotazama mawimbi ya sauti kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nikagundua kuwa mwisho wa huu na mwanzo wa ule ni kipande kilekile cha muziki. Fundi aliurudisha utepe nyuma kidogo kabla ya kukata upande wa pili. Asante, fundi. Nilichofanya ni kuipandisha ile sauti iliyofifishwa, taratibu, hadi ikalingana. Tatizo ni kwamba ukipandisha muziki unapandisha na uchafu: mikwaruzo inaanza kutatarika kama bisi kwenye sufuria. Niliifuta mmoja mmoja kwa mkono. Saa tano kwa sekunde tisa. Upande wa pili ulikuwa pia juu kidogo, chini ya nusu noti, nikaushusha.

Halafu nikaubonyeza uchezeke wote. Dakika nane na sekunde 40, bila kovu. Gitaa la pili linaingia pale pale ambapo kila mara nilikuwa ninainuka kitini. Nilipiga kelele hadi mume wangu akatoka bafuni.

Jumapili, Kayole

Nimempelekea Mjomba. Huniita Mama kwa kuwa nilipewa jina la mamake, kwa hiyo ugomvi wetu huwa na adabu.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Mguu unapiga sakafu. Mwimbaji alipomaliza maneno yake na gitaa zikaanza kupanda, Mjomba alinyoosha mkono wa kulia mbele yake, vidole vimekunjwa kama anashika sahani pembeni. Muziki ukaendelea. Mkono ukabaki hewani. Akafumbua macho.

"Mama, hapa umeondoa kitu."

"Nimeondoa nini, Mjomba?"

"Pa kugeuza. Pako wapi?"

Nikamweleza habari ya mkasi, dakika nne, studio, wimbo mzima. Alinisikiliza kwa upole wa kumsikiliza mtoto anayeeleza ndoto. Kisha akanieleza jambo ambalo katika miaka mitatu ya kukusanya sahani sikuwahi kumuuliza. Miaka ya 70 alikuwa akichezesha santuri katika baa moja Shauri Moyo, na baa ilikuwa na mashine moja tu. Upande wa kwanza ukiisha, watu wako katikati ya ukumbi wameshikana. Huwezi kuwaambia wakae. Basi wahudumu walishika mdundo: kifungua chupa juu ya kreti, ka-ka, ka-ka-ka, wachezaji wanaendelea na miguu tu, na yeye ananyanyua mkono wa sindano, anageuza, anashusha. "Hesabu nane," alisema. "Ukizidisha, unatukanwa. Ukishusha sindano ndani ya mdundo, unanunuliwa bia."

"Kwa hiyo wimbo wenyewe..."

"Wimbo ni pamoja na hapo. Hapo ndipo nilipokuwa napiga mimi."

Nilimpa Spear. Alifika pale palipokatika akafunga gazeti na kunisimulia mwisho wote, kuanzia gari hadi bastola. Sidhani kama ulikuwa mwisho wa toleo hilo.

Jumamosi, wiki ya nne

Leo nimerudi Kayole na maikrofoni, mashine na sahani yenyewe. Kreti hazikufaa, za siku hizi ni za plastiki, hazilii. Zile zilikuwa za mbao. Tukajaribu meza, tukajaribu mlango, tukaishia kwenye kigoda cha jikoni cha shangazi na kifungua chupa kizito ambacho Mjomba alikitoa droo ya chini bila kutafuta. Mimi ndiye mhudumu. Yeye anageuza.

Mara ya kwanza jogoo wa jirani aliwika. Mara ya pili mimi nilipoteza mdundo na nikaambiwa ningefukuzwa kazi. Mara ya tatu sindano ilishuka nje ya mahali, na Mjomba akakaa kidogo akisugua bega. Mara ya nne shangazi alisimama mlangoni na mwiko mkononi, gitaa zikafifia, nikaanza kugonga, nikasikia nyuma yangu shangazi akiingiza miguu, shwa-shwa kwenye saruji, kisha sindano ikagusa, ikatoa kile kishindo kidogo, na gitaa zikapanda.

Nyumbani nimepima. Si hesabu nane, ni sekunde 11. Nilimpigia simu kumwambia, akasema siku hizo bega lilikuwa zima.

Nimehifadhi matoleo mawili, la bila kovu na la Kayole, na hili la Kayole ndilo nililolirudia jioni yote. Nusu ya meza imerudi kwa mume wangu. Zimebaki 40.