Kumbukumbu ya mradi: sauti ya mzee wa Keko imerudi mdomoni

Imekubali! Klipu ya mzee wa Keko anayetengeneza kitanda cha mninga cha tano kwa sita sasa inaenda mwanzo mpaka mwisho na maneno yanaendana na mdomo, na ile sehemu anayogonga patasi ndo nimeirudia mpaka nyumbani wamenichoka, nyundo ikitua na mlio unatua hapohapo. Hamjui raha yake.

Kwa mliokuwa hampo, mradi ni uleule, hadithi fupi za video, picha na sauti kwa biashara ndogo za upande wa Temeke, na kikundi kimoja cha kujitolea kinachokarabati viti vya magurudumu na kuwapa watu wenye ulemavu. Biashara wanalipa wanachoweza, kikundi ni bure. Mpango ulikuwa kila hadithi iwe na ukurasa wake wenye ramani ya kubonyeza. Hiyo ramani sahauni, nitaeleza.

Sasa tatizo lilivyokuwa: sauti na picha zinaachana. Dakika ya kwanza kila kitu safi, dakika ya tatu unaanza kuhisi kitu hakiko sawa ila huwezi kusema nini, ikifika dakika ya kumi mzee anafunga mdomo halafu ndo neno linatoka. Kama muvi iliyotafsiriwa ovyo. Ukikata klipu na kusogeza sauti inakaa vizuri hapo, halafu mbele inaanza tena kuachana, na mazungumzo marefu ukikatakata hivyo unapoteza ule mtiririko wake mzee, yeye anaongea taratibu, anapiga randa, ananyamaza, anarudi kwenye hoja.

Picha napiga kwa simu, sauti nachukua kwa rekoda ya pembeni, kwa hiyo mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa rekoda. Kila mtu anasema ni 44,100 dhidi ya 48,000, yaani vipimo vya sauti kwa sekunde kutolingana, lakini hiyo ingebadilisha na sauti yenyewe, mzee angesikika kama kameza kitu, na sauti yake ilikuwa sawa kabisa. Basi nikasema ni saa ya rekoda, hizi za bei rahisi huwa zinakimbia au kuchelewa kidogo kidogo. Nikaingia Audacity, programu ya kueditia sauti, nikabana tempo, yaani kasi, mpaka mwisho wa sauti ukutane na mwisho wa picha. Mwisho ukakaa, katikati kukaharibika! Hapo ndo nikajua sio saa, maana saa ikikosea inakosea kwa kiwango kilekile muda wote, haichagui mahali.

Halafu kuna vitu viwili vilikuwa vinaninyima usingizi. Kimoja, hata sauti ya simu yenyewe, isiyohusiana kabisa na rekoda, ilikuwa inaachana na picha nikiiweka kwenye programu ya kueditia, ila faili hilohilo ukilifungua kwenye VLC, programu ya kuchezea video, linacheza vizuri tu. Cha pili, klipu tulizopiga nje juani, mzee akichagua mbao, hazina shida hata kidogo. Zinazougua ni za ndani tu, kwenye banda lenye bati na taa moja.

Nje nzima, ndani mbovu. Mbona sasa?

Aliyenipa jibu ni Kdenlive, programu nyingine ya kueditia video, na wala sikuwa natafuta jibu, nilikuwa nimeifungua kwa hasira tu nijaribu kitu kingine. Unaingiza klipu, inakupa onyo kwamba hii ina idadi ya fremu (zile picha moja moja zinazounda video) inayobadilikabadilika, unataka niigeuze? Nikaenda MediaInfo, inayoonyesha undani wa faili, kweli, Variable, yaani inabadilika. Juu fremu 30 kwa sekunde, chini kama 24, wastani 29.9. Piga hesabu: dakika 10 kwa fremu 30 ni fremu 18,000, kwa 29.9 ni 17,940, zimepungua 60, ambazo ni sekunde 2 kamili. Ndo pengo langu lile!

Kumbe gizani simu inaacha kila fremu ipate mwanga muda mrefu zaidi, kwa hiyo kwa sekunde moja zinaingia fremu chache. Mzee akiinama kwenye kivuli zinapungua, akiinuka karibu na taa zinarudi. VLC inasoma muda ulioandikwa kwenye kila fremu ndo maana haisumbuki, programu yangu inapanga fremu 30 kila sekunde bila kuuliza, picha inafika mapema na sauti inabaki nyuma. Na ndo maana kubana tempo hakukusaidia, pengo lenyewe linafuata kivuli.

Dawa ni kugeuza faili kabla halijagusa taimlaini. Programu ya HandBrake inafanya, unachagua Constant (fremu idadi ileile muda wote) badala ya Peak, ila mimi siku hizi naandika tu amri ya ffmpeg, programu ya kugeuza video, inayopanga fremu 30 kila sekunde

ffmpeg -i keko.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a pcm_s16le -ar 48000 keko.mov

naenda kunywa chai. Faili linanenepa, diski inalia, potelea mbali. Na kwenye kupiga natumia Blackmagic Camera, programu ya kamera ya simu, ni ya bure na inakubali ufunge fremu na shata (muda kila fremu inaopata mwanga) mwenyewe. Shata naweka 1/50 kwa sababu umeme wetu ni hezi 50, ukiacha 1/60 taa za bandani zinachora michirizi inayotembea kwenye picha, na hiyo hakuna ffmpeg ya kuiondoa kirahisi.

Mzee mwenyewe nilipomwonyesha hakusema lolote kuhusu sauti. Kasema, "Kijana, pale mguu unapoingia kwenye ubao bila msumari umepapita haraka, hapo ndo mteja analipia." Yuko sahihi, nimeparefusha. Pia anataka namba ya simu ikae mwanzo mpaka mwisho. Inaniuma machoni lakini hela ni yake.

Sasa ramani. Nilikuwa niiunganishe wiki hii, nikaenda kwa wale wa viti kurekodi, mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, rekodi sauti tu, sura ya mtoto wangu sitaki iende mtandaoni." Haki yake, na hata bila Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nisingebishana na mzazi. Na kusema kweli zile video za misaada zenye uso wa mtoto, kinanda cha huzuni na namba ya kuchangia sizipendi, mtoto anakua na ile klipu inabaki.

Nikarekodi sauti. Nilivyovaa hedifoni nyumbani nikashtuka, unasikia kabisa pale kiti kinapotoka kwenye lami kinaingia mchangani, vile vigurudumu vya mbele vinazama, mama anavuta pumzi anakiinua nyuma. Hiyo sekunde chache inaeleza kwa nini kikundi kinahangaika kubadilisha magurudumu ya mbele kuliko mimi ningeeleza kwa kurasa mbili. Juu yake naweka picha za kawaida tu: mikono, spoki, cheche za kuchomelea. Hamna midomo, hamna cha kuachana! Na ni nyepesi, sauti peke yake ya mono kilobiti 32 kwa sekunde, dakika 3 haifiki hata mega moja, mtu wa bando la buku anasikiliza yote bila kinyongo. Ramani nani angeifungua?

Kwa hiyo ukurasa umekufa, nafanya sauti na picha kwa wote, video inabaki kwa mzee tu kwa sababu yake inahitaji kuonekana. Kitu kimoja bado: mama ntilie nimemrekodi jana na feni yake ina mlio unaokaa palepale kwenye sauti yake. Noise Reduction ya Audacity inaiondoa feni na inamfanya mama asikike yuko ndani ya bomba. Nimeomba nirudi asubuhi kabla hajaiwasha, kasema nije saa kumi na moja, na nije na mfuko wa mkaa.