Siku moja maishani mwangu: mshika kamera wa chumba cha upasuaji wa wanyama

Saa moja asubuhi huwa nimeshavaa sare na ninakagua vifaa. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wanyama, na katika upasuaji wa matundu madogo kazi yangu ni kushika kamera inayoingizwa tumboni kupitia tundu: daktari huona kwenye skrini kile tu ninachomwonyesha.

Saa mbili tulimpokea mbwa jike wa aina ya Great Dane, aliyekuja kutolewa ovari na kushonewa mfuko wa chakula kwenye ukuta wa tumbo, kwa kuwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wako katika hatari ya mfuko huo kujaa gesi na kujipinda, jambo linaloweza kuwaua kwa saa chache. Mshono hauzuii gesi, unazuia kujipinda. Nilimweleza hayo mwenye mbwa, naye akanisikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Sasa dada, kama ni vitundu tu, nusukaputi ya nini? Si mngempiga ganzi?"

Nikaanza upya. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili tupate nafasi ya kuona. Gesi hiyo husukuma kiwambo (msuli unaotenga tumbo na kifua), mapafu yakabanwa, na nyingine huingia kwenye damu, hivyo mnyama anahitaji mrija wa kupumulia na mtu wa kumwangalia muda wote. Alitikisa kichwa kukubali. Nilipouliza kama mbwa amefunga kula, akasema, "Kabisa. Ila mkate kidogo saa kumi na mbili, maana alikuwa ananitazama."

Chakula kikirudi kooni mnyama akiwa amelala, kinaweza kuingia mapafuni. Daktari alimsogeza mbwa hadi saa nane, na ratiba yote ikavurugika kwa ajili ya kipande cha mkate.

Paka dume ambaye korodani yake moja ilibaki tumboni alimalizika kabla ya saa tano, bila la kusimulia. (Paka jike wa kufungwa kizazi tu simshawishi mwenyewe achague kamera, kidonda cha kawaida cha paka tayari ni kidogo.)

Saa nane tukaanza. Shinikizo la gesi halikuzidi milimita 12 za zebaki, lakini lenzi iliingia ukungu mara tatu, na kila mara niliitoa, nikaichovya kwenye maji vuguvugu yaliyotakaswa, nikairudisha. Meza ililazwa upande ili utumbo uteremke, daktari akaitundika ovari kwa uzi uliopita kwenye ukuta wa tumbo, akaanza kuziba mishipa kwa koleo la umeme. Ndipo damu ikachuruzika. Kwenye skrini tone huonekana kama mafuriko, na mkono uliokwisha kufa ganzi haupaswi kutikisika hata kidogo. Trei ya upasuaji wa kawaida huwa wazi pembeni yetu tangu mwanzo, kwa sababu kufungua tumbo si aibu. Aibu ni kuchelewa kulifungua. Daktari alibana, akasubiri, akabana tena mbele kidogo, pakakauka. Tundu la kulia, nyuma ya mbavu, lilipanuliwa kiasi cha kuvuta sehemu ya mfuko wa chakula na kuishona kwenye msuli. Sikumbuki tulimaliza saa ngapi.

Jioni mwenye mbwa alivikagua vidonda. "Ndiyo haya tu? Basi kesho tutakimbia wote." Hapo ndipo udogo wa kidonda unapomdanganya mtu, maana ndani kuna mshono unaoweza kukatika. Nikamwandikia kwa herufi kubwa: kamba shingoni, hakuna kuruka wala kukimbia kwa siku 14, kola ya kumzuia kulamba vidonda isivuliwe.

Usiku nilibaki na brashi nyembamba, nikisugua ndani ya vyombo virefu ambavyo damu ikikaukia humo haitoki kwa urahisi. Simu ikalia. Mwenye mbwa aliuliza kama mkate unaruhusiwa sasa. Nikamwambia ampe chakula laini, kidogo kidogo, na mkate aule yeye.