Midoli inayocheka

Jana usiku nimeangalia Tourist Trap, filamu ya Marekani ya 1979, nikazima simu na kulala taa ikiwaka. Mtu mzima mimi!

Jamaa gari lao limepata pancha, anaenda kutafuta msaada akivingirisha tairi peke yake. Anaingia chumba cha nyuma cha kituo cha mafuta, mlango unajifunga, halafu ile midoli ya kuvalishia nguo madukani inaanza kucheka. Inacheka taya zimeachama! Vitu vinaruka kutoka kabatini, mwishowe bomba la chuma linamalizana naye. Na hapo ndiyo kwanza filamu inaanza.

Ni kazi ya kwanza ndefu ya David Schmoeller, bajeti ya kuungaunga, damu yenyewe haba. Lakini Chuck Connors, yule kauboi wa kwenye televisheni, hapa ni mzee mpole mwenye makumbusho yaliyododa, na upole wake ndio unaotisha. Muziki wa Pino Donaggio nao unachezacheza kama wa watoto. Sijui kwa nini watu hawaizungumzii filamu hii.

Asubuhi nimepita duka la nguo. Nimevuka barabara.