Kufunga kruzi kwenye pikipiki: kazi si kushika mwendo, kazi ni kuachia

Ukikaa Indianapolis halafu nusu ya watu wako wako Columbus, Ohio, utaijua barabara kuu ya I-70 hata kwa kupapasa. Ni maili kama 175 za barabara iliyonyooka, mahindi kulia, soya kushoto, na malori. Mwenye gari anabonyeza kitufe cha kruzi, kifaa kinachoshika mwendo chenyewe, anakunja mguu, anaendelea na stori zake. Mwenye pikipiki mkono wa kulia haupumziki, kwa sababu springi ya mkono wa mafuta, ule unaouzungusha kuongeza mwendo, inataka kurudi muda wote, na wewe ndiye unayeizuia. Mimi mkono huo huo ndio unaoshika skana ghalani usiku kucha. Nikifika Columbus kwenye harusi ya mtu, hata sahani ya pilau naipokea kwa mkono wa kushoto, wazee wananiangalia vibaya.

Kuna vibano vya bei poa unavyofunga kwenye mkono wa mafuta ili usirudi. Nimevitumia, vinasaidia kunyoosha vidole, lakini hiyo siyo kruzi. Kibano hakijui mwendo. Kilima kikija pikipiki inazubaa, mteremko ukija inakimbia, na polisi wa Indiana hawataki kusikia habari za kibano wakati kikomo ni maili 70. Kuna pia kampuni ya Australia, MotorCycle Cruise Controls, iliyotengeneza seti kamili kwa aina nyingi za pikipiki, kazi safi kabisa, ila bei yake ilikuwa inaingia mara nne tu kwenye bei niliyonunulia pikipiki yenyewe, V-Strom 650 ya mtumba. Ongeza ufundi, na huku gereji nyingi saa moja ya fundi inapita dola 100. Tena humpati wa kukaa naye kwenye benchi ukimwangalia anavyofungua nati na kumuuliza hiki ni nini. Unaacha funguo mapokezi, unaambiwa utapigiwa simu.

Kwa hiyo nikafuata njia ambayo wenye pikipiki wa Marekani wameitumia miaka mingi: kuchukua seti ya kruzi ya gari, zile za kufunga baadaye kama Audiovox CCS-100, na kuihamishia kwenye pikipiki. Yangu ilikuwa ya zamani, bado ikiwa kwenye boksi lake.

Kabla sijafika kwenye nyaya, kuna jambo la barabara hii hii. Ukitoka Indianapolis kwenda mashariki, kabla ya Richmond, utaona kibao cha kutokea Hagerstown. Huko ndiko alikoishi Ralph Teetor, mhandisi aliyepata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kruzi mwaka 1950. Teetor alikuwa kipofu tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba wakili wake akiendesha gari huku anaongea alikuwa anapunguza mwendo, akisikiliza anaongeza, na abiria asiyeona anausikia kila mshtuko mwilini. Mwaka 1958 Chrysler wakaanza kuuza magari yenye kifaa hicho. Mimi napita pale nikiwa nimefunga wazo lake chini ya tangi, na naona ni haki kumtaja.

Sasa kifaa chenyewe. Sevo ni kopo lenye ngozi ya mpira ndani. Injini ikinyonya hewa, ule mnyonyo unapitishwa kwenye kopo, mpira unavutika, unavuta kebo, kebo inavuta mafuta. Kompyuta ndogo iliyo humo humo inasoma mwendo na kufungua au kufunga vijivalvu. Tatizo la pikipiki ya silinda mbili ni kwamba mnyonyo wake haujatulia, na ukipanda kilima ukafungua mafuta zaidi, mnyonyo unapungua wakati ule ule sevo inapouhitaji. Dawa yake ni akiba. Nilikata kipande cha bomba la PVC la inchi mbili, nikaziba pande zote kwa gundi, nikakificha chini ya siti. Kila silinda ikapata valvu yake ya njia moja ili zisivutane hewa. Valvu hizo zijaribu kwa mdomo kabla hujafunga: puliza upande mmoja hewa ipite, geuza, puliza mpaka mashavu yaume, isipite hata kidogo. Ikipita, tupa.

Jumamosi moja nikampigia mjomba Morogoro. Huku saa sita mchana, kwao saa moja usiku, ndiyo kwanza anafunga banda lake la kutengeneza bodaboda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Unatengeneza nini tena? Nasikia spana."

Nikamweleza. Akanyamaza, akacheka, akaniuliza kama nimechoka kuendesha ninunue gari. Halafu akasema, "Sikiliza. Kuvuta mafuta hata kamba ya katani inavuta. Ikigoma kuachia uko nyuma ya lori, unafanyaje?"

Mjomba hajawahi kuiona kruzi ya pikipiki, lakini swali lake ndilo lililokuwa kazi nzima. Ukiangalia nyaya za seti hii, zinazotaka umakini zaidi ni za kuachia.

Ya kwanza ni breki. Waya wa zambarau unaungwa kwenye waya wa taa ya breki, upande ule unaopata umeme ukikanyaga tu. Umeme ukitokea, kruzi inaachia. Lakini waya huo una ujanja mwingine: breki ikiwa haijakanyagwa, unataka kuonja hasi ya betri kupitia uzi wa ndani ya balbu. Balbu ikiungua, au waya ukikatika, hasi haipo, na kruzi inakataa kuwaka kabisa. Ni ulinzi mzuri sana. Shida ni kwamba mwenye pikipiki wa kwanza alikuwa ameweka taa ya nyuma ya LED, na LED haina uzi wa kupitisha hasi hiyo. Ukifuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno, kila kitu kiko sawa na kruzi haiwaki. Dawa ni rilei ya miguu mitano, yaani swichi inayogeuzwa na umeme. Waya wa zambarau unakaa katikati. Rilei ikiwa imelala unagusa hasi, breki ikikanyagwa rilei inaamka na kuutupia umeme. Breki zote mbili, ya mkono na ya mguu, ziiamshe. Jaribu moja moja, ukishika mita ya umeme.

Ya pili ni klachi. Waya wa buluu unasoma mizunguko ya injini kutoka kwenye koili ya plagi. Ukivuta klachi kruzi ikiwa inavuta, injini inapiga resi ghafla, kompyuta inaona mizunguko imepanda bila mwendo kupanda, inaachia. Unasikia injini ikinguruma kidogo kabla haijakata, na sauti hiyo haipendezi. Mimi napendelea kugusa breki kwanza.

Ya tatu ni swichi ya kuwasha na kuzima kruzi, niliyoiweka kidole gumba cha kushoto kinapofika bila kuachia usukani. Nayo ikifa, kuna ile swichi nyekundu ya kuzima injini. Na umeme ukikatika kabisa, valvu ya kutoa hewa ndani ya sevo inafunguka yenyewe, springi inarudisha mafuta. Yaani kifaa hiki kikifa, kinakufa kikiwa kimeachia. Nilipomweleza mjomba hilo akasema, "Haya, sasa endelea."

Kebo ndiyo iliyonila muda. Sevo inavuta kwa kimnyororo cha vishanga, na sababu yake ni nzuri: ukifungua mafuta mwenyewe, vishanga vinalegea tu, havikuzuii. Lakini vinaweza kunasa kwenye ncha yoyote chini ya tangi. Niliacha ulegevu kidogo mafuta yakiwa yamefungwa, nikapitisha kila kitu mbali na bolti, halafu nikafungua mafuta mpaka mwisho na kuachia, usukani ukiwa kushoto kabisa, kulia kabisa, katikati. Kila mara lazima mlio uwe ule ule, tak. Siku mlio ukiwa mvivu usiwashe injini.

Kuna vijiswichi vya kumweleza sevo kama gia ni za mkono, silinda ngapi, na iwe na ukali gani. Ukali weka wa chini. Sevo ilitengenezwa kuvuta gari zito. Kwenye pikipiki ikiwa kali inakusukuma na kukuvuta mpaka shingo inauma. Na usijaribu kuiseti pikipiki ikiwa kwenye dabo stendi, maana gurudumu halina mzigo na injini itapaa. Kwenye stendi angalia kijitaa cha sevo tu: kinawaka ukibonyeza kitufe, kinapepesa gurudumu likizunguka, kinaitika breki. Mengine ni barabarani, asubuhi ya Jumapili, barabara ya mashamba isiyo na mtu. Chini ya maili kama 30 kwa saa haikubali kushika.

Mara ya kwanza iliposhika, mkono wa mafuta ulianza kujizungusha wenyewe ndani ya kiganja changu, taratibu, kilima kilivyoanza. Kebo ya kurudishia ndiyo inayouzungusha, najua, nimeifunga mwenyewe. Bado nywele zilisimama.

Sitoitumia kwenye mvua wala mjini. Kwenye kona siiwashi kabisa. Na kwa wenzangu mlioko Ujerumani, msifungue hata bolti moja kabla ya kuongea na watu wa TÜV, wakaguzi wa vyombo vya moto. Huko kubadilisha mfumo wa mafuta bila kibali kunaweza kuiondolea pikipiki haki ya kuwa barabarani. Indiana hakuna ukaguzi wa namna hiyo, kwa hiyo mkaguzi ni wewe mwenyewe.

Mjomba aliomba video, nikamtumia. Siku iliyofuata akanitumia ujumbe wa sauti, anataka kujua kama inaweza kukaa kwenye Boxer. Nikamjibu kwamba silinda ni moja, mnyonyo wake unakuja kwa kushtuka, labda kwa pampu ya umeme. Halafu nikamuuliza ataiwasha wapi, maana Morogoro kwenda Dodoma kila kijiji kina kibao cha 50, tuta na trafiki.

"Siwashi," akasema. "Nataka wateja waione."