Redio kaseti ya babu

Kama una redio kaseti mbovu stoo, usikimbilie kuiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Ile ya babu yao nimewapa wanangu. Nilitoa betri, nikakata waya wa umeme, nikawaachia bisibisi na sahani ya kuwekea skrubu.

Mkubwa alipofika kwenye spika, skrubu zikamnatia huko nyuma. Akadhani gundi. Akaleta msumari, ukanata. Sufuria ya alumini, wapi! Nikakaa kimya (kazi ngumu hiyo kwa mzazi), akaja mwenyewe: "Mama, hii ni sumaku."

Mdogo aling'ang'ania kaseti. Alizungusha utepe kwa kalamu ya Bic mpaka ukahamia wote upande wa pili, kisha akauliza nyimbo ziko wapi. Nikamwambia ule unga wa kahawia kwenye utepe ndio umebeba sauti, kwa sumaku. Kaka yake akadakia: "Kumbe nikiipitisha kwenye spika zitafutika?"

Taarabu zangu nimezihamishia kabatini.

TV za kichogo na maikrowevu, hapana. Hata zikichomolewa, ndani hubaki umeme wa kuua mtu.