Nilivyochagua nguo za mabakamabaka za kuwindia

Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua mnyama mwenyewe anaona nini. Jicho la swala lina aina mbili tu za chembe za kutambua rangi. La kwetu lina tatu. Nyekundu na rangi ya chungwa kwake hukaribiana na kijani na kahawia. Bluu ndiyo anayoiona barabara, hasa kwenye mwanga hafifu wa alfajiri na magharibi, saa zile zile tunazokuwa porini. Kwa hiyo kila nguo yenye bluu niliiweka kando. Sabuni nayo nilibadilisha: sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha, ambayo hupokea mionzi ya urujuanimno, ile ya jua tusiyoiona kwa macho, na kuitoa kama mwanga wa bluu. Nguo zangu za kuwindia hufuliwa kwa sabuni isiyo na king'arishi wala manukato.

Baada ya hapo nikaja kwenye mabaka. Nilitundika makoti kichakani, nikarudi nyuma kama hatua 50, nikatazama kwa macho nusu wazi. Koti lililochorwa majani na vijiti vidogo, zuri mno mkononi, kutoka pale lilikuwa doa moja jeusi lenye mabega ya mtu. Lililokuwa na mabaka makubwa, ya rangi iliyokoza kwa iliyofifia, lilivunja umbo hilo kabisa. Nikachukua hilo. Rangi niliitazama kwa majira: penye nyasi kavu, mabaka ya kijani kibichi ni mabaya kuliko hata kaki tupu.

Jambo nililolipa uzito zaidi ni sauti. Nilisugua mkono wa koti kwa mkono mwingine karibu na sikio. Nailoni ngumu huchakarika, na mnyama anayekula kwa utulivu huinua kichwa papo hapo. Pamba iko kimya ila hukaa na jasho. Kwenye baridi navaa sufu. Vifungo vya kunata sivitaki, vinalia vikibanduliwa.

Uso na viganja huonekana upesi kuliko koti, maana vinang'aa na havitulii. Glavu nyembamba na kitambaa cha uso nilivinunua pamoja na suruali. Kwa anayewinda ndege ni lazima, kwani wao huona rangi kutuzidi.

Sheria niliuliza mapema. Zimbabwe na Zambia, kwa mfano, raia haruhusiwi kuvaa mabakamabaka ya kijeshi, na hapo kaki au kijani cha zeituni kinatosha. Kwingine, kama majimbo mengi ya Marekani, mwindaji wa bunduki katika misimu fulani hulazimika kuvaa rangi ya chungwa kali ili wenzake wamwone. Navaa kizibao cha rangi hiyo juu ya koti bila kinyongo, maana swala hakimshtui. Nilihangaika tu kupata cha kitambaa laini. Vingi ni vya nailoni ile ile yenye kelele.