Seva ya pili ya barua pepe: tulipofikia

Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya. Barua pepe za kikoa cha familia zilikuwa salama kwenye seva iliyoko Frankfurt, ila sisi wa Dar tulikuwa hatuzifikii. Mradi umeanzia hapo: seva moja ibaki Ujerumani, nyingine iwe kwenye kituo cha data hapa hapa mjini.

Njia iliyozoeleka ni kuweka rekodi mbili za MX (zinazowaambia watumaji barua za kikoa ziende seva ipi; namba ndogo hujaribiwa kwanza), 10 na 20, ile ya 20 ikikusanya barua mpaka kubwa lao azinduke. Nimeikataa. Seva inayotuma ina foleni yake: RFC 5321, waraka wa kanuni za kutuma barua pepe, inaitaka iendelee kujaribu kwa angalau siku 4 hadi 5, na Postfix, programu ya seva ya barua, isipoguswa mipangilio yake inashikilia barua siku 5. Sasa mshika foleni wa pili wa nini? Tena watuma taka wanaipenda sana hiyo namba kubwa, maana ulinzi wake mara nyingi ni legelege. Ni mlinzi wa getini asiye na orodha ya wakazi. Anapokea hata barua ya mauzo123, kisanduku ambacho hakijawahi kuwepo. Seva kuu ikiikataa, taarifa ya kushindwa inarudishwa kwa anwani ya kughushi. Mtu asiyehusika anajaziwa uchafu kwa jina lako, na IP yako inaishia kwenye orodha nyeusi.

Kwa hiyo zote mbili nimezipa 10, mtumaji achague yoyote. Zinatumia orodha moja ya visanduku na kanuni zile zile za Rspamd, kichujio cha barua taka, ila kila moja ina ufunguo wake wa DKIM, yaani wa kutia sahihi ya kidijitali kwenye barua zinazotoka. SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa, inataja IP zote mbili.

Jasho limetoka kwenye Dovecot, programu inayotunza visanduku vya barua. Replicator ya toleo la 2.3, iliyokuwa ikilinganisha visanduku vya seva mbili, imeondolewa kwenye 2.4, na sijengi juu ya kitu kilichokwisha kufukuzwa. Natumia doveadm sync, amri ya Dovecot ya kulinganisha visanduku, taima ya systemd (kiratibu cha kazi cha Linux) ikiiamsha kila dakika 5. Mkongo ukikatika, kila upande unakusanya vyake, kisha vinapatanishwa njia ikirudi. Ukifuta barua Dar, na Frankfurt inafutika, kwa hiyo nakala za akiba za usiku ziko palepale.

Jumamosi nilifunga poti 25 (mlango wa kupokelea barua) ya Frankfurt na kujitumia barua kutoka Gmail, macho kwenye logi ya Dar. Ukatokea mstari wenye status=sent, ukiishia na neno Saved: Dovecot imeipokea. Nikaisoma kwenye simu. Nilipofungua poti, taima ilipopiga, barua ikaonekana Frankfurt, tena ikiwa na alama ya kusomwa. Dada yangu, anayetumia kikoa hiki kwa biashara yake, aliuliza kwani kuna kilichobadilika. Sifa hiyo imenitosha!

Kilichobaki ni rekodi ya PTR, inayoonyesha IP ni ya seva yenye jina gani, ya upande wa Dar. Bila hiyo wapokeaji wakubwa wanaweza kuzikataa barua zetu, kwa hiyo kwa sasa Dar inapokea tu, na za kutoka zinapitia Frankfurt. Ombi liko kwa mtoa huduma. Akishaiweka, nitaanza kutuma chache chache kutoka Dar huku nikisoma ripoti za DMARC, ambamo wapokeaji hueleza kama barua zetu zimepita ukaguzi wa SPF na DKIM.